Goma ni Sombe Moja

Ukimuuliza mtu wa Kindu Goma iko mbali kiasi gani, usitegemee akutajie kilomita. Wale wa uwanja wa ndege watakuambia ni kama mia nne hivi kwa njia ya angani, na hawadanganyi, lakini kilomita za angani zilimsaidia nani? Mama Emerance alikuwa na kipimo chake. Ndege ikiruka asubuhi, ikapita juu ya bati lake na kuvuka mto upande wa Alunguli, yeye alibandika sombe, majani ya muhogo aliyokwisha kuyatwanga tangu alfajiri. Sombe ikifikia pa kutiwa mawese, ndege imekwisha kugusa chini kule Goma.

Kipimo hicho alikivumbua pamoja na jirani yake, Mama Mbambu, mke wa mfanyabiashara kutoka Butembo. Mume wa Mbambu alikuwa akipanda ndege kila mara kwenda kufuata chumvi na sabuni, na siku hizo hapakuwa na simu. Palikuwa na foni tu, redio ya kuitana, katika kibanda kimoja karibu na soko. Mbambu alikuwa mtu wa wasiwasi, akimaliza kumsindikiza mume wake anakimbilia kwenye foni, anarudi, anakwenda tena, mpaka Emerance akamwambia akae chini wapike, maana ndege haishikwi kwa kukimbia barabarani. Wakapika. Wakagundua kwamba kila mara habari ya kufika ilikuja wakati wa mawese. Basi, Goma ikawa sombe moja. Mtaa mzima ukauchukua msemo huo, na hata leo utausikia kwa watoto ambao hawajui ulitoka katika sufuria ya nani.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana msemo huo mtamu ulimuumiza mwenyewe mara mbili.

Emerance alikuwa binti wa Kibombo, wa watu wa mpunga. Aliletwa Kindu na Israël Tambwe, fundi wa gari la moshi, kijana mrefu mwenye mikono iliyonuka mafuta hata siku ya kwenda kanisani. Walikaa katika lupango moja, yaani ua mmoja, na mama yake Israël, Mama Yvette. Yvette alikuwa mama mukwe wa kweli kweli, hapitwi na kitu. Chumvi ikizidi kidogo atajua, mlango ukifungwa kwa hasira atajua. Lakini hakuwa mbaya. Emerance alipojifungua Divine, ni Yvette aliyembeba yule mtoto mgongoni mpaka mama yake akapata nguvu.

Katika nyumba ile ya kina Tambwe palikuwa na jambo moja ambalo Emerance hakulikuta kwao. Mtu akisafiri, uwanja haufagiwi nyuma yake mpaka afike alikokwenda. Nyayo zake zinaachwa pale pale mchangani, kuku watembee juu yake, majani yaanguke, hakuna kugusa. Anayefagiwa papo hapo ni maiti peke yake, akisha kutolewa nyumbani. Zamani, mtu akienda Lokandu kwa mtumbwi au Tunda kwa miguu, uwanja ulikaa na takataka siku nyingi, na Emerance, aliyefundishwa kwao kwamba uwanja mchafu ni aibu ya mwanamke, alikuwa akigeuza uso asiuone. Ndege ilikuwa imemrahisishia mambo. Sombe moja tu, na unashika ufagio.

Mwaka wa tisini na nane, wakati wa kiangazi, habari ilikuja kwamba Elie, kaka yake mkubwa Israël, anaumwa sana Kinshasa. Israël hakutaka kwenda. Alikuwa na injini aliyoifungua nusu, mtoto alikuwa bado ananyonya, na mtu akiisha kuiacha injini wazi wenzake wanaichokonoa. Yvette hakumpa nafasi ya kupumua. Alisema asubuhi, alisema jioni, alisema hata mbele ya wageni, kwamba mtoto asiyekwenda kumwona ndugu yake mgonjwa ni mtoto gani. Mwishowe Israël akakubali. Alimwambia mke wake kwamba atakaa Jumapili moja tu, ndege inayofuata atarudi.

Yvette akamsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Emerance akabaki na Divine, akatwanga, akangoja. Aliposikia ndege inaruka akabandika sombe. Aligundua kwamba ndege haikupita juu ya bati lake kama kawaida, iligeukia upande wa machweo, na sauti yake ikapotea upesi. Lakini hakulitilia maanani jambo hilo. Alikuwa hajapanda ndege maishani mwake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ndege nazo zina safari fupi na ndefu. Kwake ndege ilikuwa ndege. Inaruka, sombe inaiva, mtu amefika.

Uwanja wa nyumbani ulikuwa umejaa maganda ya karanga ya watu waliokuja kuaga. Sombe ikaiva, akatia mawese, akashika ufagio. Alifagia kwa raha, tuseme ukweli, akiimba, mtoto mgongoni. Alikuwa anamalizia mlangoni wakati Yvette aliporudi kutoka uwanja wa ndege, jua limempiga, viatu mkononi. Yvette akaitazama mistari ya ufagio mchangani, nyayo za mwanawe hazipo hata moja. Akamwuliza amefagia kwa nini. Emerance akamjibu bila wasiwasi kwamba Israël amefika, sombe imeiva kitambo.

Kule uwanja wa ndege Yvette alikuwa ameuliza, kama kawaida yake. Walimwambia Kinshasa si Goma, ni mbali karibu mara tatu, na hata kwa ndege ile ya mbio ni muda wa sombe mbili kamili.

"Iko bado juu," Yvette alisema, akinyosha kidole upande wa machweo. "Mutoto wangu iko bado juu, na weye umekwisha kumufagia."

Akauchukua ule ufagio mkononi mwa Emerance, akaingia nao nyumbani kwake, akautundika nyuma ya mlango. Tangu siku ile ufagio wa uwanja ukakaa kwa Yvette. Akisafiri mtu yeyote, ni yeye aliyeamua lini pafagiwe.

Israël alifika salama. Foni ilisema hivyo jioni ile ile, na Emerance akashusha pumzi, akadhani yamekwisha. Elie naye akapona. Lakini kabla Israël hajapata kiti cha kurudi, vita vikaanza. Ikafika siku Kindu ikawa upande mmoja wa vita na Kinshasa upande mwingine, na ndege za kwenda upande wa machweo zikakoma kama mvua inavyokoma.

Hapo ndipo Emerance alipojifunza umbali. Goma ilibaki ile ile, sombe moja. Ndege nzee zenye matumbo makubwa zilikuja kila siku na chumvi, sabuni, mafuta ya taa, watu wameketi juu ya magunia, kila mmoja amepimwa kwenye mizani pamoja na mzigo wake. Barabara zilifungwa, gari la moshi lililala, mashamba ya nje ya mji hayakufikika, na mji mzima ulikula kilichoshuka kutoka juu. Emerance alikwenda kukaa kando ya uwanja wa ndege na sufuria yake, akawauzia wapakuzi wali na sombe. Miaka ile yote alikuwa akiangalia ndege zinavyoruka, na hakuna hata moja iliyogeukia machweo. Alikuwa akijiambia kwamba mume wake hakufa, hakupotea, yuko sombe mbili tu kutoka hapa. Wapakuzi walimtania, wakamwita mke wa rubani. Alicheka nao. Kisha anarudi nyumbani na kukuta ufagio ule nyuma ya mlango wa mama mukwe, na kicheko kinamkauka.

Vita vilipotulia, ndege ya kwanza kutoka Kinshasa ilipokelewa na nusu ya mji. Emerance alivaa kitenge kipya. Divine alikuwa na miaka sita, amesukwa nywele, amefundishwa kusema "Karibu, papa." Aliyeshuka alikuwa Elie. Alikuwa na begi la Israël begani, na Emerance alipoliona begi lile katika bega la mtu mwingine, alielewa kabla hajaambiwa.

Homa ndiyo iliyomchukua, miaka miwili kabla. Elie alisema Israël hakuacha kwenda uwanja wa ndege kuuliza, hata alipokuwa mgonjwa. Kutuma habari haikuwezekana. Kumtafuta mtu wa upande wa pili kwa foni kungeweza kukutia gerezani. Matanga yakafanyika Kindu bila maiti, na siku ya pili yake, watu wamejaa uwanjani, Yvette akasimama na kusema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanawe hakuuawa na homa. Alifagiwa angali njiani. Hakumtaja mtu. Hakuhitaji. Watu wote waligeuka kumtazama Emerance, na Emerance akatazama chini, kwa sababu moyoni mwake alikuwa amekwisha kukubali.

Alibeba neno hilo miaka zaidi ya ishirini. Hakurudi Kibombo, hakuolewa tena. Alibaki katika lupango lile lile na mwanamke yule yule, akampikia, akampeleka kwa daktari macho yake yalipoanza kufifia, wakazeeka pamoja. Hawakugombana tena. Mambo kama hayo hayagombwi. Yanakaa tu.

Divine akakua. Na angalia mambo ya dunia, akapendwa na Valère, mtoto wa Mama Mbambu jirani, aliyecheza naye mchangani wakati mama zao wanangoja ndege. Wakaoana, wakaenda kuendesha duka la familia Goma, wakapata binti, wakamwita Glodie. Kila Noeli Divine alikuja Kindu na mtoto, na kila aliporudi mambo yalikwenda kwa utaratibu. Ndege inaruka, inapita juu ya bati. Emerance anabandika sombe. Yvette anakaa mlangoni na ufagio mapajani, hasogei. Kisha simu inalia, na Divine anasema maneno yale yale: "Mama, tumefika. Mufagie." Hapo ndipo Yvette anaponyosha mkono na kumpa Emerance ufagio.

Noeli ile ya mwisho Divine alikaa kuliko kawaida. Mwezi wa kwanza ulikuwa umefika katikati, na redio zilisema vita vinasogea Goma. Valère alipiga simu, akasema mambo si mazuri, Divine akae kwanza Kindu mpaka yeye mwenyewe amwite. Divine alifurahi kubaki. Alikuwa anamfundisha Glodie kutwanga.

Ni Emerance aliyemrudisha. Wala si kwa kumchoka, jamani. Alikuwa anamwangalia binti yake akicheka jikoni, na akilini aliona ndege zinakoma, na mume yuko upande ule, na mke upande huu, na miaka inapita. Kidonda chake cha zamani ndicho kilichosema. Alimwita Divine ndani, na Yvette alikuwa amelala kwenye mkeka wake pale pale, uso umeelekea ukutani.

"Mimi nilibaki upande huu," Emerance alimwambia. "Usiache ndege ikae kati yako na bwana yako. Kama vita inakuya, ikukute kwake. Goma ni sombe moja, mutoto wangu. Mambo ikiharibika, utarudia huku kwangu."

Divine akabisha kidogo, kisha akatii. Alikuwa mtoto wa kutii. Ndege ikaruka asubuhi ya siku ya pili, ikapita juu ya bati, ikavuka mto. Sombe ikabandikwa. Yvette akakaa mlangoni na ufagio. Mawese hayajachanganyika vizuri, simu ikalia: "Mama, tumefika. Mufagie." Emerance akafagia akiwa na moyo mweupe. Safari hiyo hakuna aliyekosea chochote.

Siku chache baadaye Goma ikaanguka. Uwanja wa ndege ukafungwa. Simu zikanyamaza, na Emerance akawa anapiga namba ile ile asubuhi mpaka betri inakufa, anaipeleka kuchajiwa, anapiga tena. Namba ilipojibu, alikuwa Valère, na hakuweza kusema. Mtu mwingine aliichukua simu na kusema. Bomu lilianguka mtaani kwao. Divine alikuwa jikoni, nyumba ile ya mbao, ukuta haukuzuia kitu. Glodie alikuwa chini ya kitanda, mzima. Divine alikuwa amekwisha kuzikwa kule, haraka, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine.

Sitasimulia matanga. Kila mtu aliyemzika mtoto wake bila kumwona anayajua, na asiyejua apumzike. Nitasema tu kwamba siku ya tatu Emerance alikaa jikoni na jiko halina moto, na kitu kimoja kikampiga kichwani. Alikuwa amefagia kwa wakati wake. Divine alikuwa amefika, kwa sauti yake mwenyewe alisema amefika. Sasa ufagio ulifanya nini? Na kama ufagio haukufanya kitu kwa Divine, ulifanya nini kwa Israël? Ungetegemea wazo kama hilo limpunguzie mzigo. Halikumpunguzia. Lilimwacha na jambo moja tu la kushika, nalo lilikuwa maneno yake mwenyewe: utarudia.

Hakumwambia mtu. Majirani walikuwa wamekwisha kujitungia habari yao, kwamba Valère alimwita mke wake arudi kulinda duka. Walisema hivyo kisimani, wakasema sokoni, na Mama Mbambu, mama yake Valère, akaacha kutoka nje. Emerance alisikia yote. Angeweza kuyakata kwa neno moja. Hakulisema. Alijiambia kwamba atalisema kesho, na kesho ikawa na kesho yake.

Valère alikuja mvua ziliporudi, na Glodie mkononi. Ungemwona ungemhurumia, amekonda mpaka shati linamcheza mwilini. Kutoka Goma hadi Kindu, safari ya sombe moja, alikuwa ametumia wiki. Alivuka mpaka kwa miguu, akaipita nchi ya jirani kwa basi, akangoja karatasi, akaingia nchi nyingine mpaka Nairobi, akapata ndege ya Kinshasa, na kutoka Kinshasa akapata ya Kindu. Alimsimulia Emerance hayo akiwa ameinamisha kichwa, kama mkwe anavyokaa mbele ya mama mukwe. Akamwambia jambo moja ambalo Emerance hatalisahau. Ile ndege kubwa ya Nairobi ilikuwa na kioo kidogo mbele ya kiti, kinaonyesha ndege ilipofika. Glodie alikuwa anakichezea, na katikati ya safari Valère akaona jina la Kindu limetokea pale, chini kabisa ya picha ya ndege. Walikuwa wanapita juu ya Maniema. Alimwambia mtoto, koko yako, bibi yako, yuko chini hapa. Glodie akaweka kidole juu ya lile jina, akauliza kwa nini hawashuki.

Emerance alijaribu kukumbuka siku ile alikuwa anafanya nini. Labda alikuwa anafua. Labda alisikia sauti juu ya mawingu na hakunyanyua kichwa.

Valère hakuja kukaa. Elie alikuwa amemtafutia kazi Kinshasa, naye alitaka mtoto abaki kwa koko wake mpaka apate nyumba. Jioni ile watu walijaa uwanjani kumpa pole, kama inavyotakiwa, na pole nyingine zilikuwa na miiba. Baba mmoja akauliza, kama hasemi na mtu, duka lile limebaki salama? Valère hakujitetea. Alisema taratibu kwamba alimwambia mke wake abaki Kindu, lakini labda sauti yake katika simu ilikuwa na woga, na Divine akausikia, akaja kwa sababu hiyo. Labda ni sauti yake, alisema. Watu wakatazamana. Wengine hawakuamini, na yeye mwenyewe aliona hawaamini. Akatazama chini.

Emerance alikuwa amesimama mlangoni na sahani. Aliijua ile namna ya kutazama chini. Akaingia ndani.

Yvette alikuwa ameketi kwenye mkeka wake gizani, na ufagio mapajani. Hakuwa anaona tena zaidi ya mwanga na kivuli, lakini masikio yake yalikuwa yale yale. Alimwambia akae. Kisha mikono yake ikapapasa njiti za ufagio.

"Mimi njo nilimutuma Israël," alisema. "Yeye alikataa. Nilimusumbua mpaka akaenda. Nilikuwa siwezi kubeba ile, mama Divine. Nikaona uko na ufagio mukononi, nikakupatia weye ubebe."

Emerance alikuwa ameungoja usemi huo tangu ujana wake bila kujua kwamba anaungoja, na sasa ulipokuja ulimkuta na mikono imejaa.

"Nilikuwa hapa siku ile ulimwita mutoto," Yvette aliendelea, pole pole. "Sikulala. Nilisikia. Sikufungua kinywa, maana mimi njo muntu gani wa kukuambia? Lakini ule kijana inje anabeba ufagio yako. Mimi nilikuacha na yangu miaka yote hii. Usifanye vile nilifanya."

Akauinua ule ufagio, akauweka katika mikono ya Emerance, na mara hii hapakuwa na safari, wala simu iliyolia, wala ndege.

Emerance alilia hapo kidogo, kwa ajili ya Israël, kwa ajili ya yule msichana wa Kibombo aliyefagia akiimba. Alitaka pia kumchukia mama mukwe wake, na alikuwa na haki. Lakini huko nje sauti ya yule baba ilikuwa inauliza jambo jingine, na Valère alikuwa kimya. Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akatoka. Alisimama katikati ya uwanja, ufagio bado mkononi, watu wakadhani anataka kuwafukuza.

"Valère alisema mutoto abaki," alisema. "Na Divine alitaka kubaki. Mimi njo nilimurudisha. Nilimwambia Goma ni sombe moja."

Yule baba akaanza kutafuta kofia yake. Emerance alimtazama Valère, akingoja chochote kile, hata tusi, angelipokea. Valère aliinua kichwa, akamtazama muda mrefu, jambo ambalo mkwe hafanyi. Kisha akamchukua Glodie aliyekuwa amesinzia, akaingia naye ndani bila neno. Usiku ule Emerance hakujua kama amempoteza na huyo pia. Alijua tu kwamba akitaka kumchukua mtoto asubuhi na kumpeleka mbali naye, hatakuwa na neno la kumzuilia.

Asubuhi Valère alifunga begi lake moja. Glodie alikuwa bado amelala. Alipita mbele ya Emerance, akaangalia mlango wa chumba alicholala mtoto, akasema asimwamshe. Hakusema lingine. Akapanda nyuma ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, akaenda uwanja wa ndege. Nyayo zake zikabaki mchangani, kutoka mlangoni hadi barabarani.

Ndege ikaruka. Haikupita juu ya bati, iligeukia machweo. Emerance alibandika sombe ya kwanza. Yvette alitolewa nje, akakaa mlangoni, mikono mitupu mapajani. Glodie akaamka, akamuulizia baba yake, akalia, akanyamaza, akataka kucheza na ufagio. Emerance akamwambia bado. Mama Mbambu akaja kutoka kwake, mara ya kwanza baada ya miezi, akaketi kwenye kigoda chake cha siku zile za kungoja ndege. Sombe ya kwanza ikaiva, wakaiteremsha. Wakabandika ya pili. Hakuna hata mmoja pale aliyeamini tena kwamba ufagio unaua mtu au unamwokoa. Walingoja tu, kwa sababu mtu wao alikuwa angali juu.

Sombe ya pili ikatiwa mawese, ikaiva, ikaanza kupoa. Emerance aliiweka simu juu ya kigoda kingine mbele yake, akawa haitazami. Alijua namba ya Mama Mbambu iko pia katika simu ya Valère, na mtu ana haki ya kumpigia mama yake aliyemzaa. Simu ya Mbambu ilikuwa kimya. Ndipo ile ya kwenye kigoda ikalia.

Kelele za uwanja wa Kinshasa zilikuja kwanza, watu wakiitana, mizigo ikiburutwa. Kisha sauti ya Valère, imechoka, inakwaruza.

"Mama, nimefika," alisema. "Mufagie."

Emerance akamnyoshea Mama Mbambu simu. Mama Mbambu akaichukua simu, akajibu kwa niaba yake. Yvette akauliza amesema nini, na walipomwambia, akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Emerance akasimama, akamwita Glodie, akamwonyesha jinsi ya kuinama na kuushika ufagio chini, karibu na fundo. Wakaanzia mlangoni, wakashuka taratibu mpaka barabarani, na Emerance alilia njia nzima.